Kufuli kwenye Mlango Usio na Ukuta

Maji yalishuka kutoka Mlima Meru yakaingia Ngarenaro alfajiri, na kulipokucha kilabu cha shangazi kilikuwa kimebaki mlango. Nasema mlango, na simaanishi kingine. Kuta za matofali ya udongo zilikuwa zimelala kwenye tope kama ng'ombe waliochoka. Mabati yalikwenda na mto. Mapipa ya kuchachushia mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, yalikwenda nayo. Lakini fremu ya chuma, ambayo fundi aliizika kwenye zege, ilisimama wima mbele ya barabara, na mlango wa buluu ukiwa ndani yake, umenyooka kama siku ulipowekwa.

Shangazi alifika amevaa mabuti ya mvua. Aliutazama mlango, akatazama palipokuwa na ukumbi, akautazama tena mlango. Kisha akatoa kufuli mfukoni akaufunga.

"Shangazi, unafunga nini?" nilimuuliza.

"Nafunga kwangu. Ulitaka niache wazi, watu wapite tu?"

Watu walikuwa wanapita pembeni ya fremu, wamebeba magodoro yanayochuruzika maji. Hakuwaona, au aliwaona akaamua kwamba hao si wateja.

Nilikuwa nimehamia kwake ili nimalize riwaya yangu, na kwa wiki zile sikuandika hata sentensi moja. Nilichota tope. Ng'ambo ya barabara, mama mshonaji alianika vitambaa vya watu kwenye kamba, akilaani mto kwa lafudhi yake ya Tanga. Mzee mwenye asili ya Kihindi, muuza vipuri, alifungua stoo yake ya nyuma ambayo maji hayakuifikia, akamwita shangazi.

"Mama, tafuta mapipa mengine ulete hapa mpaka ujenge. Panya wamenichosha. Afadhali walevi."

"Walevi wangu wanaimba, mzee."

"Panya pia wanaimba. Tena usiku kucha."

Tukaenda ofisini kuomba ruhusa ya kuuza kwenye stoo ile. Afisa aliyeshughulikia leseni za vileo alikuwa kijana mpole, shati limepigwa pasi, na aliinuka kumwamkia shangazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, kwako nimepita mwenyewe na pikipiki, nikiangalia madhara. Nimekuta pamefungwa."

"Ndiyo," shangazi akasema, tena kwa fahari, "nimefunga."

Kijana akaandika. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hakuna kati yetu aliyegundua mpaka alipotueleza. Leseni ya kilabu haitembei na mtu, alisema. Inakaa na jengo. Jengo likibomolewa na maafa, mwenye leseni anaweza kuomba ahamie kwa muda sehemu ya jirani mpaka ajenge upya. Lakini aliyefunga mwenyewe amefunga. Leseni yake inakufa, na akitaka kurudi anaomba upya kama mgeni. Na maombi mapya ya kilabu mtaa ule hayapokelewi tena, kwa kuwa shule imejengwa karibu.

Kile kilabu shangazi alikirithi kwa mama yake. Kilimlea yeye, kikanilea na mimi, ada za shule na yote.

"Nimefunga mlango, mwanangu," akasema polepole. "Sijafunga kazi."

"Mama, kufunga ni kufunga. Nimeshaandika, na wa kubadilisha ni kamati ya leseni."

Nilitoka pale nikiwa na hasira na lugha ninayoipenda kuliko kitu chochote. Kwa Kiswahili tunafunga mlango na tunafunga duka. Tunafunga saumu, tunafunga ndoa, tunafunga mizigo, tunafunga goli na uwanja mzima unaruka. Neno moja limebeba furaha na misiba, na shangazi, ambaye usingizini huongea Kimeru, lilikuwa limemponyoka mbele ya kalamu.

Kamati ilipokaa, mwenyekiti wake, mama mnene mwenye miwani na sauti ya kukata, alimtaka shangazi ajieleze. Nilikuwa nimemwandalia maelezo mazuri sana. Hakuyatumia.

"Mheshimiwa, sina maneno," alisema. "Maneno ndiyo yameniponza. Naomba mje kwangu niwafungulie."

Mwenyekiti alivua miwani. "Twendeni," akasema.

Walikuja na gari la ofisi, likanasa kwenye tope, wakamalizia kwa miguu. Mtaa mzima ukatoka. Mama mshonaji alivuka barabara na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Mheshimiwa, mimi na pombe hatujuani," alisema kabla hajaulizwa. "Lakini huyu mama hajafunga. Aliyefunga hapa ni mimi, leo Alhamisi, na magharibi nitafungua."

Watu walicheka. Hata afisa kijana alicheka, akajikaza.

Mwenyekiti akasimama mbele ya mlango wa buluu. Pembeni kulikuwa wazi pande zote, mbuzi alikuwa anapita. Lakini alikuwa mtu aliyelelewa. Alikunja kidole akagonga.

"Hodi!"

"Karibu!" shangazi akaitika, akafungua kufuli, akausukuma mlango. Bawaba zililia. "Karibuni ndani."

Mwenyekiti akapita mlangoni, akajikuta amesimama juani, tope mpaka kwenye vifundo, mbele yake Meru yote imejitandaza bila hata wingu moja, kubwa, ya buluu, haina habari na mtu. Akageuka polepole. Akamtazama kijana kupitia mlango uleule.

"Wewe. Ulipopita hapa, hukushuka kwenye pikipiki?"

"Sikushuka, mheshimiwa."

"Basi shuka leo. Na uandike vizuri: hapakufungwa. Pamebomolewa na maji."

Vigelegele vilivyopigwa sijui vilianzia kwa nani. Najua mama mshonaji alikuwemo, na funga yake. Shangazi hakupiga. Alimkumbatia kijana, akampaka tope kwenye lile shati, na kijana akaacha akumbatiwe.

Ruhusa ilitoka: stoo ya muuza vipuri, kwa muda, mpaka ukuta wa mwisho usimame. Tukatafuta mapipa. Tukachemsha ndizi uani, moshi ukaingia mpaka kwenye vipuri, mzee akakohoa na kucheka kwa pamoja. Shangazi akachanganya uji wa ulezi kwa mkono wake, hakuruhusu mwingine aguse.

Siku ya kufungua, wateja walikaa juu ya maboksi ya breki na matairi ya zamani, wamenyamaza kama watu walio kanisani. Kwetu mpishi hunywa kwanza, mbele ya wageni, ili waone kwamba alichopika ni kizima na yeye mwenyewe anakiamini. Shangazi akachota kata, akainywa yote bila kuvuta pumzi. Alipoishusha, povu jeupe lilikuwa juu ya mdomo wake, na macho yake, ambayo sikuyaona yakilia siku ya mafuriko, yalikuwa yamejaa.

"Imeiva," akasema. "Nani wa kwanza?"

Wote wakasimama.