Printa ya Marehemu Idrisa

Mwanangu, nimekaa hapa nikikutazama ukifungua simu za watu na kuzifunga, na bila kutaka nimejikuta nimerudi Maua, alasiri moja ambayo ukungu ulishuka kutoka milima ya Nyambene ukafunika mabati ya maduka hadi mtu hakuona ng'ambo ya barabara. Weka hiyo bisibisi kidogo. Kazi uliyoichagua niliwahi kuifanya mimi pia, na kuna jambo ambalo hakuna aliyenifundisha darasani.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka kusomea kompyuta Meru mjini, na siku hizo msichana aliyejua kompyuta alisalimiwa na watu wazima kama daktari. Mama mmoja Mwislamu wa Maua, tuliyemwita Mama Rukia, akaniita nimsaidie katika duka la mumewe. Mumewe, Idrisa, alikuwa akichapa kadi za harusi na ratiba za mazishi, lakini hasa alichapa mitihani ya shule. Alikuwa na printa moja kubwa, nzito kama sanduku la chuma, ya zile zinazogonga herufi kwa sindano ndogo. Ukiutoa utepe wa wino, sindano zile zilitoboa karatasi ya stensili, na walimu wakaichukua stensili kwenda kuzungusha nakala shuleni kwao. Printa za kisasa zinazotema wino haziwezi kazi hiyo. Kwa hiyo karibu kila mwalimu wa upande wetu wa Igembe alimjua Idrisa, na alijua sauti ya mashine yake.

Idrisa aliugua kifua akafariki. Mkewe akakaa eda, duka likafungwa. Alipotoka eda akakuta kompyuta ya marehemu imekufa kabisa, haiwaki. Shemeji yake Swaleh, mdogo wake Idrisa, mtu wa magari ya kusafirisha miraa, akaleta kompyuta mpya kutoka Nairobi. Printa ikabaki ile ile ya zamani. Hapo ndipo nilipoingia mimi.

Nikaziunganisha kwa kebo, nikafungua mahali ambapo kompyuta inakuuliza ni printa gani umeiletea. Majina yalikuwa mengi, lakini la printa yetu halikuwepo. Nikampigia simu muuzaji kule Nairobi. Akasema printa hiyo ni ya zamani mno, kompyuta za sasa hazina tena programu yake, tuitupe. Sikupenda kushindwa siku zangu za kwanza. Nikachagua jina lililofanana na la printa yetu, nikaandika sentensi moja ya kujaribia, nikaituma.

Printa ilinguruma ikaanza kutoa karatasi moja baada ya nyingine, mstari mmoja kila karatasi. Na si herufi. Zilikuwa alama: mishale, vinyota, nyuso ndogo za duara zinazotabasamu. Na mioyo, mwanangu. Mioyo midogo myeusi, imepangwa safu.

Nilinyoosha mkono niizime. Mama Rukia akaushika mkono wangu.

"Wacha amalize," akasema.

Nilidhani ameteleza ulimi. Lakini karatasi zilipokwisha alizikusanya moja moja, akazipuliza vumbi, akaziingiza ndani ya buibui yake kifuani. Hakulia. Alionekana kama mtu aliyepokea habari kutoka safarini.

Tangu siku hiyo aliniomba nisiizime printa kamwe nikiwa dukani, na kila nilipojaribu tena kuchapa alizikusanya karatasi za alama akaenda nazo. Na ndipo yakaanza yale mambo ya alasiri. Tukiwa tumekaa, mimi na kazi yangu na yeye na ushanga wake wa tasbihi, kichwa cha printa kingetikisika, kikatembea chenyewe hadi pembeni kushoto, kikagonga, kikatulia. Hakuna aliyekigusa. Mara ya kwanza nywele zilinisimama. Mara ya pili nilichungulia kompyuta. Sikuwa nimetuma chochote. Ukungu ulikuwa umesimama mlangoni kama mtu anayesubiri kukaribishwa, na barabara yote haikuwa na mtu.

Mama Rukia alimimina chai ya tangawizi katika kikombe, akakiweka kando ya mashine. "Amefika," akaniambia. Akaanza kumweleza habari za siku hiyo, kwa sauti ya kawaida kabisa: mvua, bei ya sukari, binti yao Rukia aliyeolewa Isiolo na mimba yake. Alinyamaza kidogo kila baada ya maneno, namna unavyomwachia mtu nafasi ya kujibu.

Nakuambia ukweli, nilianza kunyamaza nami nafasi ilipofika.

Siku moja alinituma nyumbani kwake, nyuma ya duka, nikamletee mtandio. Nikafungua mlango wa chumba cha kulala. Ukuta wote, kuanzia juu ya kitanda hadi dirishani, ulikuwa umebandikwa zile karatasi. Upepo ulipita dirishani zikainuka zote pamoja na kushuka pamoja, kama kifua cha mtu aliyelala. Upande mmoja wa kitanda ulikuwa umetandikwa vizuri, na juu ya mto wake kulikuwa na karatasi moja yenye mioyo. Nilichukua mtandio nikatoka bila kufunga mlango. Sikuweza kuugeukia.

Walimu walikuja na mitihani yao wakarudi nayo. Wengine waliacha kuja, kwa kuwa habari zilikuwa zimeenea sokoni kwamba dukani kwa Idrisa maiti inaandika. Kisha Swaleh akaja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. Alisimama mlangoni, akasema:

"Shemeji, eda imeisha. Hitima ya ndugu yangu tuisome lini?"

"Humsomei hitima mtu anayekuandikia," Mama Rukia akamjibu, macho kwenye printa.

Swaleh alinitazama mimi. Akanivuta nje, ukunguni. "Kathure, sikiza. Ijumaa nakuja na pikapu. Hii kitu naenda kuitupa, na yeye nampeleka Isiolo kwa Rukia. Duka nalifunga. Watu wanasema amerukwa na akili, na mimi nimeanza kuwaamini."

"Ukiitupa atakufa," nikamwambia. Sijui neno hilo lilitoka wapi, lakini nililiamini.

"Basi itengeneze iwe mashine kama mashine zingine," akasema, akaenda zake.

Ona nilivyobanwa, mwanangu. Kama nisingeitengeneza, Ijumaa ingetupwa na mama yule angeng'olewa kwake. Na kama ningeitengeneza, ile mioyo ingekoma. Mkono wangu ndio ungemnyamazisha mumewe.

Alasiri iliyofuata kichwa kilipotembea, sikukitazama. Nilitega sikio nje. Nikasikia, mbali kidogo, mngurumo ukianza. Nikatazama taa ya dukani: ilikuwa imefifia kidogo na sasa ilikuwa inarudi. Siku iliyofuata nikafanya hivyo hivyo. Mngurumo, taa kufifia, kichwa kutembea. Nikaenda nyuma ya jengo, nikafuata sauti hadi kwa Mzee Baariu, mwenye mashine ya kusaga unga. Watu wa Maua asubuhi wako kwenye miraa. Mahindi wanaleta alasiri. Mashine yake ikiwaka ilimeza stima ya mtaa mzima kwa nukta moja, printa ikazimika na kuwaka, na kila printa ile ikiwaka hurudisha kichwa chake pembeni. Hiyo tu ndiyo iliyokuwa sauti ya Idrisa.

Nilimweleza Mzee Baariu, pale kati ya magunia, nikiwa na furaha ya mtu aliyepata jibu la hesabu. Nikamwambia naenda sasa hivi kumwambia Mama Rukia.

Mzee alijipangusa unga usoni. Aliongea Kiswahili cha kwetu, polepole.

"Wewe unafurahi?"

Nikatazama unga miguuni.

"Idrisa alikuwa rafiki yangu. Hata mimi nikisikia ati amerudi, nilikuwa nataka iwe ni kweli. Sasa unataka kwenda kumuua mara ya pili na unaenda unakimbia." Akaifungia mashine mlango. "Tutaenda pamoja. Na usimwambie ukiwa umesimama. Utakaa chini, karibu na yeye, umwambie, halafu ukae. Usitoke mpaka yeye mwenyewe akwambie toka."

Tukaenda. Nilikaa kwenye mkeka, goti langu likigusa goti lake. Nikamweleza kuhusu stima na unga. Nikamweleza pia mioyo: kwamba kompyuta inaongea lugha moja na printa inasikia nyingine, kwamba kompyuta ilikuwa ikisema maneno yangu ya kujaribia na printa ikayaelewa kuwa michoro. Mzee Baariu alikaa kwenye kiti, kofia magotini.

Mama Rukia alisikiliza mpaka mwisho. Chai ya kando ya printa ilikuwa imepoa na kufanya ngozi juu. Nilitamani kutoka, miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi. Nikakaa.

Hatimaye akauliza, "Yale maneno ya kujaribia. Uliandika nini?"

"Niliandika, habari ya leo."

Akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na kitu ndani. Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akijishika mbavu. Mzee Baariu naye aligeukia ukuta akafuta macho kwa kofia. Alipomaliza kulia, Mama Rukia akamwaga ile chai uani, akarudi akaniambia, "Itengeneze."

Kutengeneza kwenyewe kulikuwa kazi ndogo kuliko nilivyodhani. Niliichomoa, nikafungua kifuniko, na ndani, chini ya vumbi na unywele mmoja mweupe ambao sote wawili tuliujua ulikuwa wa nani, nikaona safu ya swichi ndogo sana. Printa hizo zilitengenezwa ziweze kuiga printa nyingine iliyojulikana zaidi. Unahamisha swichi, inaanza kuelewa lugha ya ile nyingine. Kisha kwenye kompyuta unachagua jina la ile nyingine, si lake. Nilihamisha moja kwa ncha ya kalamu, nikaiwasha, nikajaribu, zikatoka alama. Nikaizima, nikahamisha ya pili. Tuliendelea hivyo, Mama Rukia akinishikia taa, mpaka ghafla karatasi ikapanda na juu yake kukawa na herufi safi, nyeusi, zilizonyooka.

Hakuichukua. Aliisoma tu.

"Sasa andika hitima," akasema.

Nikaandika tangazo: jina la Idrisa bin Athumani, msikiti, siku ya Ijumaa baada ya swala. Printa ikalichapa kwa sauti ile ile iliyojulikana na walimu wote. Ijumaa alfajiri Swaleh alipofika na pikapu yake alilikuta limebandikwa mlangoni. Alilisoma, akavua kofia, akaingia ndani akamkumbatia shemeji yake, na ile pikapu ikaenda kubeba mchele na mbuzi. Mama Rukia alizibandua karatasi zote chumbani kwa mikono yake, akazitumia kuwashia moto wa pilau ya hitima. Duka lilifanya kazi kwa miaka. Mjukuu wake wa kwanza alizaliwa kabla ya mitihani ya muhula huo.

Lakini sijamaliza, na hili sina nalo maelezo. Kesho yake baada ya hitima stima ilikatika Maua nzima tangu asubuhi. Mashine ya Mzee Baariu ilikuwa kimya, yeye mwenyewe alikuwa shambani. Nilikuwa nimechomoa printa nifagie chini yake, waya umelala mkononi mwangu. Mama Rukia alikuwa akihesabu tasbihi. Kichwa cha printa kikatikisika. Kikatembea, taratibu kuliko siku zote, si kushoto bali kulia, mpaka mwisho wa njia yake, kikakaa.

Tulitazamana.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia."

Nilifungua kinywa kutafuta sababu, na sikuwa nayo. Nikamwambia sijui. Aliitikia kwa kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Nenda salama," na hakuniambia mimi. Kisha akaifunika printa kwa kitambaa, akaendelea na tasbihi yake pale alipoachia. Hakuweka chai tena, na printa haikutembea peke yake tena, hata kinu kikiwaka, maana nilianza kuizima kila tulipomaliza kazi.

Basi, mwanangu, ndiyo hayo. Watu watakuletea vitu vyao vilivyoharibika, na wewe utaona waya na skrubu. Kabla hujavifungua, muulize mwenyewe kimekuwa kikimsaidia nini, na umsikilize jibu lake hata kama ni la ajabu, kwa sababu kuna ubovu ambao mtu ameuegemea usiku na mchana, na ukiuondoa ghafla ataanguka mbele yako. Simaanishi umdanganye, ukiujua ukweli, mpe. Ila mpe ukiwa umekaa, bila haraka, na ukae hapo mpaka mwenyewe akuruhusu kuondoka. Na likikufika jambo ambalo elimu yako haifiki, usitunge sababu ili uonekane unajua. Sema hujui. Mama yule aliniheshimu kwa neno hilo moja kuliko kwa swichi zote nilizohamisha.

Mungu aitulize mikono yako na ailainishe sauti yako. Akupe wateja wanaokuamini na moyo wa kustahili kuaminiwa. Siku ya kumpa mtu habari nzito, akuwekee mzee kando yako wa kukukalisha chini. Na uzeeke ukitajwa kwa wema katika nyumba za watu uliowahi kuingia.