Kilo ya Unga, Kilo ya Maziwa

Jikoni tulikuwa wanne. Mama mkwe, mwenye ng'ombe na mwenye neno la mwisho. Wifi yangu, binti yake wa pili, aliyerudi nyumbani kujifungua. Shemeji, kitinda mimba wao, karani wa mizani ya pamba. Na mimi, mke wa mkubwa wao. Majina yote ninayo. Hapa nawataja kwa undugu tu.

Ni mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipofika kwetu Mwamapalala, tuliozoea chama cha ushirika peke yake. Bosi wao alitaka mtu wa kumpikia skonzi za chai msimu wote. Shemeji akanitaja, akaniletea karatasi: unga kilo mbili, maziwa kilo moja. Skonzi za kuonja zilitakiwa kesho yake asubuhi. Kazi ile niliitaka kweli, maana sikuwahi kuwa na yangu nje ya shamba la mume.

Kusoma nilijua kidogo. Nikachukua kopo la kilo, lile la kupimia unga sokoni. Unga makopo mawili, maziwa kopo moja. Nikakanda, mikono ikazama.

Wifi akachungulia beseni. "Wifi, bosi wako hana meno?"

Tukaumimina kikaangoni, tukala chapati za maji hadi tukachoka. Unga uliobaki ulitosha mara moja tu.

Shemeji aliporudi akacheka, kisha akaeleza: kopo lile ni kilo kwa unga, kwa kuwa unga ni mwepesi. Maziwa ni mazito. Likijaa maziwa linakaribia kilo mbili. Akaenda kuazima mizani ya dukani na jiwe lake la kilo. Alipoinua kibuyu cha maziwa, mama mkwe akamshika mkono.

"Ng'ombe wangu hatuwahesabu, wewe unataka kuyapima maziwa yao kama pamba? Wakikauka utawanyonyesha wewe?"

Nilikaa nikiona kazi inaondoka. Ndipo nikamuuliza mama mkwe: "Mayu, na maji?"

Akamwachia shemeji mkono. "Maji hayana mwenyewe."

Tukaweka chupa tupu ya mafuta ya lita moja upande wa jiwe, na nyingine kama hiyo upande wa pili, tukamimina maji katika hii ya pili. Mizani ilitulia chupa ilipojaa. Basi nikajaza maziwa chupa hiyohiyo. Miaka mingi baadaye mjukuu aliniambia lita ya maziwa huzidi kilo kwa vijiko viwili hivi vya chakula. Unga wangu haukulalamika.

Asubuhi bosi alipasua skonzi, akala, akachukua nyingine. Akamwambia shemeji niwe naleta kila siku hadi pamba iishe. Niliporudi mama mkwe alikuwa ameshanitengea maziwa ya kesho, bila kuyapima.

Wifi hudai bosi alikula tatu, na kwamba neno la maji lilitoka kwake. Mimi nakumbuka mbili, na neno nalikumbuka kuwa langu. Kama ulikuwepo na unajua vingine, njoo uniambie. Nitafuta, niandike upya.