Pazia Jeusi na Sala ya Mama

Maabara yetu hapa Arusha ina mapazia meusi na taa moja nyekundu, hafifu. Dawa tunayoichunguza ina molekuli zinazojikunja zikipigwa na mwanga mkali. Zikishajikunja, zinaingia kwenye vipokezi vya seli kama ufunguo kwenye kitasa, na seli inaanza kutuma ishara. Gizani, seli zinanyamaza.

Asubuhi moja, seli zangu zikiwa zimetulia kabisa, mama yangu akashuka kutoka kijijini Nkoaranga na ndizi zake. Akasema kazi ya mwanawe haijaombewa.

"Omba, mama, ila usiguse kitu."

Nikainamisha kichwa, nikafumba macho. Kosa langu ndilo hilo, maana kwetu ukishafumba, hufumbui mpaka Amina.

Nikasikia pazia likivutwa.

"Hatumwiti Mungu gizani kama wachawi," akasema, akaanza. Akaombea ukoo mzima, kahawa, hadi ng'ombe aliyekataa kushika mimba. Mimi nimesimama nasaga meno, jua la saa nne likinichoma kope.

"Amina!"

Nikafumbua. Kwenye skrini, mstari wa ishara za seli ulikuwa umepanda hadi juu.

"Huo mstari ulikuwa huko juu tangu mwanzo?" mama akauliza.

"Hapana. Ulikuwa chini."

Akakaza kitenge chake, ameridhika. Kwa hasira nikamweleza yote: ni mwanga, ni molekuli, ni vipokezi, ni jua tu, mama!

Akanisikiliza kwa upole mpaka mwisho.

"Na hilo jua," akauliza, "ni la maabara?"