Nyegoro Wawili na Mtungi Mmoja

Nilipokuwa bado na mapengo mawili ya mbele, nilipewa cheo changu cha kwanza duniani: mlinzi wa mtungi. Wenzangu hapa chuoni, wakiniona nasimama kwenye mdahalo na kumkatiza mtu katikati ya sentensi, huniuliza ubishi huu niliusomea wapi. Niliusomea kijijini kwetu Kiriba, kando ya mtungi wa maji, na mwalimu wangu alikuwa mgonjwa ambaye ukoo mzima, kwa mapenzi kabisa, ulikuwa unamuua kwa kiu.

Mgonjwa mwenyewe ni bibi yangu mzaa baba, Nyegoro. Na mimi ni Nyegoro. Nilipewa jina lake, na mpaka leo ananiita wajina, kama vile tuliachishwa ziwa pamoja. Ilikuwa miaka ile ya maduka matupu. Sabuni ikifika kijijini ilikuwa habari ya kusimuliwa, na sukari ya mgao ikija watu walipanga foleni tangu alfajiri, kila kaya ikapimiwa kikombe. Bibi alikuwa mama mnene, na sauti yake ilivuka mashamba ya mihogo bila kuchoka. Kisha tukaanza kumwona anapungua. Kanga ambayo zamani ilikutana kiunoni kwa taabu ikawa inamzunguka na kubaki. Akichambua dagaa aliacha mawe humo humo, anasema macho yana ukungu. Kidonda cha kidole gumba cha mguu kilikataa kufunga. Na maji! Alikunywa kata juu ya kata, anafuta mdomo, anaomba nyingine, halafu anatoka kwenda nyuma ya ua wa minyaa, anarudi, anaomba tena.

Kwenye rasi yetu kila nyumba ina mvuvi, na kila mtu anajua maana ya kiu isiyokatika. Ziwa linakuita. Linakuonjesha maji kidogo kidogo mpaka siku utakapolifuata lenyewe. Tiba yake ni kukutenga na maji: huendi ziwani hata kuoga, na mtungi unahamishwa kutoka chumbani kwako. Ulinzi wake anapewa mtoto mwenye jina lako, maana ziwa huita kwa jina, na likikuta wenye jina hilo wapo wawili, eti linachanganyikiwa.

Baba mkubwa Masatu, mtoto wa kwanza wa bibi, ndiye aliyenikabidhi kazi. Alinikalisha kwenye kigoda mbele ya mtungi, uso umekunjamana kwa huzuni.

"Nyegoro, usimpe mama maji. Asubuhi kidogo, jioni kidogo, basi. Umesikia?"

"Akilia?"

"Akilia, niite."

Bibi hakulia. Alisubiri Baba mkubwa aende kwenye nyavu zake, akaja taratibu akishika ukuta, akakaa chini mbele yangu.

"Wajina, wewe unaitwa nani?"

"Nyegoro."

"Na mtungi huu anaulinda nani?"

"Nyegoro."

"Mwenye kulinda mtungi akisikia kiu, anaomba ruhusa kwa nani?"

Nikafikiri. "Kwa Nyegoro."

"Haya, Nyegoro amekupa ruhusa. Mpe Nyegoro maji."

Nikachota kata, nikampa. Tukaendelea hivyo, yeye akinywa, mimi nikicheka, mpaka Baba mkubwa alipoona mtungi unakauka upesi kuliko ukubwa wa tumbo langu. Hakunipiga. Alibeba mtungi wenyewe mabegani, akaupeleka nyumbani kwake na kuufungia.

Hapo mzaha ukaisha. Midomo ya bibi ilipasuka. Akawa analala mchana, akiamka anaongea kama mtu anayetafuna pamba. Nao waliompenda wakaja na zawadi. Mdogo wake alitoka Butiama na galoni ya asali, kwa sababu asali haina uhusiano wowote na ziwa na humrudishia mtu nguvu. Shangazi, binti wa bibi aliyeolewa Bunda, akaja na ndizi mbivu za kutosha harusi. Walimnyima maji, wakamlisha asali. Nikikumbuka hapo damu inanichemka mpaka leo. Angetafutwa adui wa kumpangia bibi yangu ratiba, asingepanga vizuri zaidi ya sisi tuliompenda.

Aliyetuokoa ni sisimizi. Mimi nilikuwa nimeachishwa kazi, sina mtungi, kwa hiyo nilikuwa nazurura nyuma ya ua. Nikaona msafara wao mweusi umenyooka kutoka kwenye kichuguu hadi pale bibi anapochuchumaa, wamejaa hapo kama watu kwenye foleni ya mgao. Nikamwita Baba mkubwa.

"Si unaona?" akasema kwa sauti ya msiba. "Hao ni wajumbe. Ziwa limewatuma."

Mimi nilikuwa na mapengo, lakini akili ilikuwa kamili.

"Baba mkubwa, ziwa lina kenge. Lina mamba, lina viboko. Linakosaje mjumbe wa kwake mpaka liazime sisimizi wa huku juu?"

"Nyamaza wewe."

Sikunyamaza, hiyo kazi inanishindaga. Kama ziwa linamwita Nyegoro, nikawaza, basi wajumbe waje na kwangu. Nikachuchumaa hatua chache kutoka pale, nikafanya yangu, nikakaa kungoja. Sisimizi mmoja alipita, akanusa, akaendelea na safari bila hata heshima. Nikangoja mpaka pakakauka. Hakuna. Nikaingia ndani mbio, familia imekaa, asali iko katikati, nikatangaza matokeo mbele ya watu wazima wote: mkojo wa bibi sisimizi wanaupenda, wa kwangu wameukataa.

Shangazi alicheka mpaka akashika ubavu. Baba mkubwa alisimama kutafuta fimbo. Lakini bibi aliinua mkono.

"Mwacheni. Wajina, rudia. Wewe walikupita?"

"Walinipita, bibi."

Akaiangalia ile galoni ya asali. Juu ya mfuniko wake, sisimizi wawili watatu walikuwa wanazunguka. Bibi akaanza kucheka kwa ile sauti yake ya zamani, kavu lakini ni yenyewe.

"Masatu, mwanangu. Sisimizi wanapendaga nini?"

Kila mtu alikuwa anatazama mfuniko.

"Nchi nzima inatafuta sukari," akasema bibi, "kumbe naimwaga mimi nyuma ya ua. Nipelekeni hospitali Musoma."

Hapo ndipo tatizo jipya lilipozaliwa. Aliyeitwa na ziwa haruhusiwi hata kulitazama, na Musoma ni mji uliozungukwa na ziwa pande tatu! Baba mkubwa alihema, akazunguka uani, mwishowe akakubali kwa sharti lake. Kwenye lori, mama atakaa kajifunika kanga kichwani, mgongo ameupa ziwa, uso nchi kavu. Na upande wa ziwa, wazi kabisa, atakaa yule Nyegoro mwingine, ili ziwa likinyoosha mkono lishike huyo.

Yaani mimi. Nilikuwa kafara la ukoo, na nilifurahi kupita kiasi, maana nilikuwa sijawahi kupanda lori. Njia nzima nililipungia ziwa mkono, na bibi chini ya kanga ananiuliza, "Wajina, bado upo?"

"Nipo!"

"Likikushika, waambie watu wangu kule ziwani mimi nilipata udhuru."

Shangazi alikuwa amebeba chupa ya maji kifichoni. Tulipopita kilima cha kwanza, Baba mkubwa aliyebaki kijijini hatuoni tena, akampa bibi yote.

Hospitalini, daktari mmoja mpole alitia dawa ya bluu kwenye kichupa kirefu, akadondoshea mkojo wa bibi, akapasha motoni. Mbele ya macho yangu bluu ikawa kijani, kijani ikawa njano, njano ikatulia kwenye rangi ya tofali. Akasema ni kisukari.

"Lakini daktari, sukari yenyewe hatuioni," Shangazi akalalamika.

"Sukari si ya dukani tu, mama. Ugali unageuka sukari mwilini, ndizi, muhogo. Asali ndiyo usiseme. Mwili wake umeshindwa kuitumia, inatoka na mkojo, na inatoka na maji yake. Ndiyo maana ana kiu. Kuna mtu anamzuia kunywa?"

Shangazi alitazama dari. Mimi nikasema, "Yupo, ila alikuwa na nia njema."

Bibi alipewa vidonge na masharti: ugali nusu ya ule wa zamani, mboga za majani na samaki kwa wingi, kutembea kila siku, na miguu kuoshwa, kukaushwa na kukaguliwa, asitembee peku hata uani. Kazi ya kukagua miguu ilinifuata mimi. Nilikuwa na macho. Kidonda kilifunga. Sauti ikarudi kuvuka mihogo. Baba mkubwa alirudisha mtungi mwenyewe, mabegani vilevile, akauweka kichwani pa kitanda cha mama yake na kurudi kwenye nyavu zake. Kwa Masatu, hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Sasa nimekua, na nchi imefunguliwa. Sukari imejaa, soda inauzwa kila kibanda cha Nyakato pale Musoma, na vidonge vikikosekana zahanati unavikuta kwenye duka la dawa mjini, kwa bei isiyo na huruma. Bibi alialikwa harusi Bweri, akawekewa soda nyekundu, akairudisha kwa madaha, "Mwanangu, niletee maji, sukari mimi nilishamaliza mgao wangu." Meza nzima ikaangua kicheko. Lakini jirani yake kwenye meza ile ile, anayeenda chooni kila baada ya nyimbo mbili, alikunywa yake na ile aliyoirudisha bibi. Bibi alimshika mkono akamuuliza habari za sisimizi.

Hapa chuoni niliwahi kumsikia msomi akisema watu wa vijijini hawaoni dalili, wanaona majini na mizimu tu. Nilisimama kabla hajamaliza. Waliziona! Kiu, mkojo, kukonda, ukungu wa macho, kidonda, sisimizi. Hawakuacha hata moja. Walikosea tu anayeita, na hakuna aliyewahi kuja kuwaambia ni nani. Hasira yangu naielekeza huko, kwa waliokuwa wanajua wakakaa kimya, siyo kwa Baba mkubwa na mtungi wake mabegani.

Kila likizo nikifika Kiriba, kabla sijavua viatu, sauti inatoka chumbani: "Wajina, zamu yako." Cheo sijavuliwa. Nachukua ndoo, nashuka ziwani mwenyewe, nachota, nachemsha, nachuja, naujaza ule mtungi mpaka shingoni.