Magoti ya Mama Jirani

Kiwanda chetu cha sabuni kiko Rumonge, upande wa juu wa barabara iendayo Nyanza-Lac. Ukija kwa miguu utakijua kwa harufu kabla hujaona bati lake. Mawese yanachemshwa na soda kali ya sabuni ndani ya mapipa, yanamiminwa katika fremu za mbao zilizolazwa sakafuni, na yakishaganda sisi wanawake tunayakata kwa waya wenye vishikio vya mti. Unachuchumaa, unavuta waya kuelekea tumboni, unasogea kama bata, unavuta tena. Hivyo ndivyo mama jirani alivyonifundisha.

Yeye ndiye aliyenipeleka pale. Wazazi wangu walirudi nasi kutoka Tanzania, ambako nilizaliwa katika kambi ya wakimbizi, lakini hawakukaa sana. Baba alitangulia kaburini, mama akamfuata. Mkubwa nilikuwa mimi, na nyuma yangu wadogo watatu, wa mwisho bado anabebwa mgongoni. Shule nikaiacha, maana hapakuwa na mtu mwingine wa kuwalisha. Mama jirani, mjane aliyevuka ziwa kutoka upande wa Fizi, hakuja na maneno ya kufariji. Alikuja asubuhi, akaigeuza mikono yangu huku na huku kama mtu anayechagua samaki, akasema, "Mikono iko. Vaa kitenge cha zamani, twende."

Tangu hapo tulikata sabuni bega kwa bega. Jioni, nikichelewa sokoni, nilikuwa nawakuta wadogo zangu kwake, midomo inang'aa mawese, naye anawagombeza kwa kula kama waliotoka vitani.

Basi magoti yake yalipoanza kukataa, mimi ndiye niliyejua wa kwanza. Mwanzoni aliinuka kwa kushika ukuta. Baadaye alishika ukuta na bega langu. Ukutani pakabaki alama ya kiganja chake, nyeusi ya mafuta. Patron, mwenye kiwanda, naye akaiona. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kuangalia kazi inatoka au haitoki. Siku moja alitangaza mbele yetu wote kwamba baada ya Pasaka atapanga upya upande wa kukata, na asiyeweza tena kuchuchumaa atakwenda kupumzika nyumbani. Alilisema kwa upole. Lakini mjane asiye na mtoto hata mmoja mjini apumzike juu ya nini?

Kabla ya Pasaka ikaja habari nyingine. Wabebaji wa bidoni, yale madumu ya mafuta, walikuwa wanaumia migongo, kila wiki mmoja amelala, na patron akamwita kijana mmoja kutoka Bujumbura. Kazi ya kijana huyo ilikuwa kuangalia namna watu wanavyoinama, wanavyobeba na wanavyokaa kazini, kisha kuonyesha mahali pa kazi pabadilishwe vipi ili mwili usiharibike. Angeangalia upande wa wanaume, na upande wetu pia.

Nilifurahi sana, kisha tukaharibu wenyewe.

Kwetu mgeni haonyeshwi maumivu. Mgeni anaonyeshwa nyumba iliyofagiwa. Asubuhi ile tulisugua sakafu, tukavaa vitenge vya kanisani, na kiti pekee cha kiwanda tukakifuta akapewa yeye. Alipotuangalia tukikata, tulikata kwa mpigo mmoja, migongo imenyooka, tunaimba. Na mama jirani akatushinda wote. Alichuchumaa akainuka, akachuchumaa akainuka, bila ukuta, bila bega, anatabasamu. Ni mimi peke yangu niliyeona jasho juu ya mdomo wake.

"Mama, unaumwa wapi?" kijana akauliza.

"Siumwe fasi yoyote, dokta. Mungu iko." Kila mwenye suruali iliyopigwa pasi kwake alikuwa dokta.

Akatuuliza wote, na wote tukajibu amahoro, ni amani, tu wazima, murakoze, asante.

Jioni tukamsikia akimwambia patron kwamba wabebaji wanahitaji mikokoteni haraka, lakini upande wa kukata haoni tatizo kubwa. Patron akaitikia kwa kichwa. "Vizuri. Basi pale atakayeshindwa, ni yeye ameshindwa. Si kazi."

Mama jirani alisikia. Njiani kurudi alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akaushika mpaka mlangoni.

"Mukubwa," akasema, maana ndivyo alivyoniita, "nimejifungia mulango mwenyewe."

Nililijua jambo moja. Kijana angerudi kesho yake kupima njia ya mikokoteni. Na desturi hiyohiyo inayomficha mgeni maumivu ina mwisho wake. Mtu akishakula nawe chini, chungu kimoja, si mgeni tena. Nikapika ugali wa muhogo na ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwa mawese, pilipili ya kutosha, nikaubeba mpaka kiwandani. Mchana nikamwambia, "Kaka, leo hakuna kiti. Njoo ule na sisi."

Akasita kidogo, akaitazama suruali yake, akaketi. Alikula vizuri, kwa vidole, na pilipili ikamtoa machozi. Hapo wanawake wakaanza kumchokoza.

"Dokta, Bujumbura hamuna pilipili?"

"Acha, analilia mamake."

"Musimucheke mutoto wangu," mama jirani akasema. "Sasa amekula, afanye kazi. Mupe waya."

Akaupokea akicheka. Akachuchumaa mbele ya fremu, mama jirani karibu naye anamwelekeza. "Vuta. Usipumuzike. Sogea. Si hivyo, unasogea kama kuku mugonjwa." Alikata fremu nzima, nami nasema ukweli, hakukata vibaya. Kisha akataka kuinuka. Miguu ikamkatalia. Akajaribu tena, akakaa chini pwaa juu ya vipande vya sabuni, mikono hewani.

Mama jirani alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mama yangu alipokuwa hai. Alicheka mpaka naye akaanguka kando, akabaki hapo anajifuta macho kwa kitenge. Alipotaka kuinuka, akasahau kuficha. Mkono ukaenda ukutani, ukatua juu ya ile alama yake. Mwingine ukanitafuta. Nikamwinua kidogo kidogo, kama nilivyofanya kila siku, akiuma meno.

Kijana, bado yuko chini, alikuwa anatazama mkono ule na ukuta ule.

"Mama," akasema taratibu, "jana ulinidanganya."

"Jana ulikuwa mugeni."

Kisha mama mmoja akataja kiuno chake, mwingine bega lake, na maneno yakamwagika kama maharage kutoka gunia lililotoboka.

Alikwenda kwa patron palepale, suruali imejaa sabuni. Sikusikia yote. Nilisikia tu, "Niliangalia vibaya," na baadaye, "Sabuni ndiyo ipandishwe, si watu washuke." Patron alikubali meza moja ya kujaribu, moja tu. Kijana akasema iwe ya mama jirani.

Fundi seremala alikuja na kamba kupima kutoka sakafuni mpaka kiwikoni mwake, maana kijana alitaka fremu ikae chini kidogo ya kiwiko. Mama jirani alipoona seremala anampima, akaruka nyuma. "Nani amekuambia nimekufa? Peleka sanduku lako kwingine!" Ilibidi nimshike mikono nikimbembeleza huku kamba inapita.

Siku ya kwanza ya meza aliona haya kusimama wakati wenzake tuko chini. Nasi hatukumsaidia. "Mama, ongeza bia moja baridi!" tulimwita, kwa sababu alionekana kama mwenye baa nyuma ya kaunta yake. Lakini waya ulipita katika sabuni kama katika siagi, na mchana tulikuwa tumeacha kucheka, tunamwonea wivu.

Baada ya Pasaka patron akaja kupanga. Alianzia kwetu, polepole, akasimama mbele ya meza na kutazama kwa muda mrefu.

"Mama, unaweza?"

"Naweza, patron. Lakini sogea, unanizibia mwanga."

Akasogea. Akatazama kipande kimoja, akakirudisha mahali pake, akapita kwenda stoo bila kutaja tena habari ya kupumzika nyumbani.

Meza zetu sisi wengine zilikuja baadaye. Siku ile nilikuwa bado sakafuni, nimechuchumaa karibu na meza yake, na kilichokuwa mbele ya macho yangu ni miguu yake ndani ya kandambili. Mguu mmoja ulikuwa juu ya kigogo kidogo, kama kijana alivyomfundisha ili kiuno kisichoke. Baada ya muda akaushusha, akapandisha wa pili.