Chungu Kilichopigwa Risasi

Siku walipoleta sinema Kyela, ghala la mpunga lilinuka magunia na vumbi la pumba. Nje jua lilikuwa kali, lakini madirisha yalizibwa kwa maturubai na shuka jeupe likatundikwa ukutani. Humo ndani tukamwona Mzungu mmoja akiwaangusha watu arobaini kwa bastola moja bila kuijaza hata mara moja. Mjukuu wangu Bupe, mwenye ulimi kama wangu, hakuvumilia.

"Bibi, hebu hesabu! Bastola hiyo ina risasi ngapi?"

Watu wakacheka, naye akapata nguvu. Kofia haianguki! Farasi hachoki! Kila alipovumbua kosa alinigusa kwa kiwiko, akingoja nimsifu. Mimi sikuweza kucheka. Nilitoka kabla picha haijaisha, nikakaa kwenye ngazi za ghala na aibu yangu ya zamani, kwa maana mtoto yule alikuwa akinirudishia jambo nililolifanya nikiwa na umri kama wake.

Msinihurumie mapema, wasomaji wangu. Nilikuwa mtoto mwerevu, na nilijijua.

Tuliishi Matema, kando ya ziwa chini ya milima, Wadachi, yaani Wajerumani, wakiwa bado wanatawala. Mama yangu alikuwa mfinyanzi, na jirani yetu Mama Ambokile alifinyanga vizuri kuliko wanawake wote wa ufukwe ule. Mama hakuwa na subira na mikono yangu mizito. Mama Ambokile ndiye aliyenifundisha kukanda udongo, kuusugua kwa kokoto mpaka ung'ae, na kukigonga chungu kilichochomwa ili nisikie kama kimeiva. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Ambokile. Vita vilipoanza, Wadachi walikusanya vijana wawabebee mizigo kwenda ng'ambo ya mto Songwe, wakamchukua yeye pamoja na mjomba wangu Gwamaka. Ambokile aliondoka na chungu kidogo cha maji alichofinyangiwa na mama yake. Miezi ikapita, mjomba akarudi peke yake, amekonda, miguu imejaa vidonda.

Alikwenda kwanza kwa Mama Ambokile kabla hata ya kuja kwetu, akamsimulia jinsi mwanawe alivyokufa. Alisema majeruhi walikuwa wakilia kiu katikati ya mapigano, na hakuna aliyethubutu kuinua kichwa. Ambokile akakimbia mtoni, akajaza chungu cha mama yake, akarudi nacho huku risasi zikimlilia masikioni. Risasi moja ikakitoboa chungu. Ambokile akaziba tundu kwa kidole, akaendelea kukimbia, akamnywesha kila mtu mpaka maji yakaisha. Ndipo risasi ya pili ikampata kifuani. Akakitua chungu majanini taratibu, kisha akajilaza kando yake kama mtu aliyechoka, wala hakuumia.

Mama Ambokile alilia siku ile. Baada ya hapo akawa anakuja uani kwetu kila baada ya siku chache, na samaki, mbasa wa moshi, amemfunga kwenye jani la mgomba. "Kaka, hebu nisimulie tena," alimwambia mjomba. Naye alisimulia, na sisi watoto tulikaa chini midomo wazi. Hadithi ilinenepa. Majeruhi walikuwa watatu, wakawa saba, wakafika ishirini, na wote wakanywa katika chungu ambacho mimi nilikijua: kisingetosha wanaume wawili wenye kiu. Nilikuwa nahesabu kwa vidole, nikicheka moyoni.

Alasiri moja uani palijaa wanawake wanaosugua vyungu. Mjomba alipofika kwenye kidole na tundu, nilishindwa kujizuia.

"Mjomba, chungu hakitoboki. Kinapasuka."

"Wewe ulikuwako?" akauliza, akijaribu kucheka.

"Sikuwako, lakini vyungu navijua."

Wanawake wakacheka kweli, na kicheko chao kikanilewesha. Nikachukua chungu kidogo kilichomeguka mdomo siku ya kuchoma, nikakiweka juu ya kisiki, nikarudi hatua kumi na kukirushia jiwe. Kikaanguka vipande vitano. "Haya! Kama jiwe langu limekivunja, risasi je? Kidole angekiweka wapi?"

Mwanamke mmoja akapiga makofi. Nikageuka kumtazama Mama Ambokile, kwa sababu sifa yake ndiyo niliyoitaka kuliko zote. Hakuwa akicheka. Alikuwa akijipangusa udongo mikononi, kidole kimoja kimoja.

"Basi, kaka," akasema, "alikufaje?"

Mjomba alinitazama mimi kwanza. Kisha akainamisha kichwa, akasema ukweli. Ambokile alikufa kwa kuhara damu siku ya nne njiani, kabla hawajasikia mlio wa bunduki hata mmoja.

"Mlimzika?"

"Mnyapara alikuwa na kiboko, dada. Tulimfunika majani."

"Na chungu?"

"Kilivunjika siku ya kwanza."

"Ndaga, kaka," akamshukuru. Akainuka, akaenda kwake, akiacha chungu alichokuwa akikisugua. Mama alikimalizia jioni ile bila kunisemesha. Hakuna aliyenipiga, na mimi, Mungu anisamehe, nililala nikiamini kwamba nimeshinda.

Mama Ambokile hakuja tena kusimuliwa. Tulipokutana kisimani alinisalimu vizuri, na udongo aliendelea kunifundisha, lakini jina la mwanawe sikulisikia tena kinywani mwake. Nikaolewa Talatala, na huko ndiko habari za kifo chake zilikonifikia. Sikuwa nimemwomba radhi, maana sikujua bado kosa langu ni nini.

Nililijua siku nilipokuwa namfundisha binti yangu kufinyanga. Alitaka kutoboa chungu kilichokwisha kuchomwa, apitishe kamba. Nikamzuia nikisema, chungu hakitoboki, mwanangu, kinapasuka. Na mara nikakumbuka ni nani aliyeniambia maneno hayo, kwa sauti ile ile, mikono yake juu ya yangu. Fundi wa ufukwe mzima! Alijua tangu siku ya kwanza mjomba alipofungua kinywa. Alijua, na bado akaja na samaki wake kuomba asimuliwe tena.

Nilikwenda kwa mjomba, mzee tayari, nikamwomba anisimulie ile habari ya mtoni. Akasema ameisahau. Mimi sijaisahau. Naijua neno kwa neno, majeruhi wote ishirini, kidole, majani, na ningeweza kuisimulia hata leo pale ghalani. Ila aliyeihitaji nilimnyang'anya mbele ya watu, na tangu alasiri ile Ambokile amekufa kwa kuhara tu, peke yake, njiani.