Bega la Koti Kwenye Blanketi la Mjukuu

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena duniani. Niliacha shule darasa la tano, nikabeba ndizi mgongoni soko la Nyamarambe, na leo nina duka la vifaa vya ujenzi Ogembo lenye milango mitatu, na malori mawili juu yake. Ukiona nyumba ya mabati ya rangi kati ya hapa na Gesima, uliza mabati yalitoka wapi. Lakini mama yangu alinitoa jasho kwa kipande cha kitambaa kisichozidi kiganja.

Mama anaishi Gesima, katikati ya chai, na kila mtoto akizaliwa kwetu humshonea blanketi la viraka. Hulipanga kama ubao wa drafti: cheupe, cheusi, cheupe, cheusi, mpaka pindoni. Kiraka cheupe kinatoka kwenye nguo ya kanisa ya mtu wa ukoo. Cheusi kinatoka kwenye nguo yake ya kazi, na lazima iwe imechakaa kazini. Langu la utotoni bado ninalo. Limepauka hata huwezi kujua cheusi kilikuwa kipi, na mtu haruhusiwi kulifua ila mimi.

Binti yangu alipojifungua mjukuu wangu wa kwanza, nilipanda Gesima na kitambaa cha suti, cheusi ti, kutoka duka la bei kali Kisii mjini. Mama alikishika, akakinusa, akanirudishia.

"Tata, hiki kimefanya kazi gani?" Huniita tata, yaani baba, kwa sababu nilipewa jina la baba yake.

"Bado, Mama. Ni kipya."

"Basi kikafanye kazi kwanza. Mkizeeka wote wawili, mje."

Blanketi lilikuwa limetandikwa kitandani, limebaki pengo moja jeusi katikati. Niliona aproni ya marehemu baba ya kuchumia chai. Niliona ovaroli ya mkwe wangu, fundi wa magari. Karibu yake, koti la baba mzazi wa huyo mkwe, mwalimu mstaafu, chaki ingali kwenye mshono.

"Jumamosi mtoto anaombewa kanisani," Mama akasema. "Na Ijumaa jua likizama Sabato imeingia, unajua sishiki sindano. Usipoleta, pengo nampa mwalimu. Koti lake ni pana."

Mwalimu viraka viwili, mimi sifuri! Mtu aliyenisahihisha Kiswahili mbele ya wazee siku ya mahari!

Sasa nguo ya kazi nitoe wapi? Mimi shati likipauka kidogo tu nanunua jingine. Nikakumbuka koti jeusi nililobebea ndizi. Siku nilipofungua duka nilimpa mama mmoja tuliyekuwa tukiuza naye Nyamarambe. Kesho yake asubuhi nikawasha gari.

Nilimkuta sokoni, amefunikia lile koti ndizi zinazoiva.

"Ee, bosi wa mabati! Leo umepotea njia?"

"Mama, nataka lile koti."

Alicheka mpaka akashika meza. "Koti ulilonipa mwenyewe? Hii ni mashine yangu ya kuivishia. Nikikupa, ndizi zikae uchi?"

"Nitakuletea blanketi jipya."

"Blanketi jipya linajua nini na ndizi?"

"Basi nikatie bega tu, pale mkungu ulipokuwa unalala. Ni la mjukuu."

Hapo ndipo nilipokosea, kusema ni la mjukuu. Akina mama wa meza za jirani walisogea, na mmoja akainua koti juu, akaanza kulinadi kama jogoo wa harambee. "Bega la tajiri! Nani anatoa mia mbili?"

"Mia tano!" mwenzake akajibu, na hana hata mia.

"Elfu moja!" nikasema.

"Elfu na mia tano! Babu, utashindwa na mwanamke wa vitunguu?"

Mimi kushindwa mbele ya watu sijafundishwa. Niliendelea kupanda, mpaka nikagundua wamenyamaza zamani na ninapandishana na nafsi yangu. Walinipigia makofi, wakakata bega kwa kisu cha ndizi, na mkungu mmoja nikalazimishwa kuununua na kuubeba, begani, mpaka kwenye gari, wakiimba.

Ijumaa alasiri Mama alinusa kile kiraka, akafumba macho. "Huyu ni wewe," akasema. Akakishona, akakata uzi kwa meno jua likiwa bado juu ya chai.

Jumamosi, baada ya maombi, mwalimu alipapasa blanketi. "Kuna harufu ya ndizi hapa?"

"Ni bega langu hilo, mwalimu."

Mtoto alikuwa amelilalia, shavu limebonyea, anakoroma kama lori kwenye mlima. Nimenunua vitu vingi maishani, na hakuna nilichokinunua kwa raha kama hicho. Nikijumlisha na ule mkungu, kilinigharimu shilingi elfu nne mia moja na hamsini.